Majirani wa Sethe, chai ya Baba Kambili, na wale waliokaa kusikiliza

Watu wakiongelea Beloved ya Toni Morrison wanaanza na yule mtoto. Mama mtumwa, Sethe, katoroka na wanawe, waliokuwa wanamsaka wamemfikia mpaka uani, akaona bora amuue bintiye kwa mkono wake kuliko arudishwe kule alikotoka. Na wana haki ya kuanzia hapo, maana sijui nani anaisoma ile sura halafu akalala vizuri. Lakini mimi kila nikikirudia hicho kitabu kinachonikaba koo ni sherehe iliyofanyika kabla ya hapo.

Yani iko hivi. Sethe amefika nyumbani kwa mama mkwe wake, Baby Suggs, nje kidogo ya Cincinnati huko Ohio, mgongo umechanwachanwa na viboko, kichanga mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani ana siku ambazo ni zake, 28 tu. Kuna mzee anaitwa Stamp Paid akaingia porini akarudi na ndoo za matunda, Baby Suggs akasema basi ngoja nioke kitu, kitu kikaita kitu, kuku wawili wakawa batamzinga watano, pai tatu zikawa kumi, mpaka mwisho watu 90 wamekula wameshiba wamecheka hadi basi. Asubuhi yake walewale waliokula wakaamka wamenuna. Huyu Baby Suggs anajiona nani, mbona yeye kila kitu kinamnyookea, yeye aliyenunuliwa uhuru na mwanawe anajua nini kuhusu shida. Na siku hiyohiyo wapanda farasi wanne, wale wanaomsaka Sethe, walipopita barabarani kuelekea kwake, hakuna mtu hata mmoja aliyemtuma mtoto mwenye mbio akaseme jamani wanakuja.

Hiyo sehemu niliwahi kumsimulia shangazi yangu wa Muheza, yeye Kiingereza hasomi na mimi nina tabia ya kumsimulia vitabu nikiwa nimekaa jikoni kwake, namsimulia kama vile napiga umbea wa mtaa wa pili. Nilidhani ataniuliza kuhusu mauaji. Akaniuliza, "Sasa hao majirani walienda kumwomba radhi?" Nikamwambia shangazi, walimsusa miaka kumi na nane. Akaacha alichokuwa anafanya akasema hapo ndipo walipomuua yule mama, mtoto alikufa mara moja ila mama walimuua kila siku.

Nimekaa na hilo neno lake muda mrefu, na ndilo linalonifanya niandike leo. Maana tunaposoma hizi riwaya za wanawake weusi, za Marekani na za hapa kwetu Afrika, huwa tunahesabu majeraha, nani alibakwa, nani alipigwa, nani aliuzwa, halafu tunasema hivi vitabu vinaumiza, mbona wanaandika mateso tu. Mimi naona kila kitabu kati ya hivi kinaumizwa na swali moja. Baada ya lile jambo kutokea, nani alikuwepo kusikia, na alipolisikia alifanya nini?

Morrison hakuitunga ile stori kutoka hewani. Alikuwa mhariri wa vitabu New York, na alipokuwa anakusanya kitabu kikubwa cha picha na nyaraka za historia ya watu weusi kilichotoka 1974, akakutana na kipande cha gazeti la zamani kuhusu Margaret Garner. Januari 1856 huyu mama, mumewe, wakwe zake na watoto wanne walivuka mto Ohio ukiwa umeganda barafu, kutoka Kentucky kwenye utumwa kuingia upande wa pili usio na utumwa. Wakazingirwa kwenye nyumba ya ndugu. Margaret akamuua binti yake Mary, mtoto wa kama miaka miwili. Na hapo mahakama ikaingia kwenye mjadala ambao ukiufikiria unaweza kuumwa kichwa: ashtakiwe kwa mauaji kama binadamu, au arudishwe tu kwa mwenyewe kama mali iliyopotea, kwa sheria ya watumwa waliotoroka ya 1850? Akarudishwa kama mali. Miaka miwili baadaye akafa kwa homa ya matumbo, bado mtumwa.

Angalia basi. Hata pale alipofanya jambo zito kuliko yote ambalo mama anaweza kufanya, serikali ilikataa kumsikia kama mtu. Morrison anatoa kitabu mwaka 1987, zaidi ya miaka 130 baadaye, na naona kazi yote ya kile kitabu ni kumtengenezea huyu mama watu wa kumsikia. Na hawaji kirahisi! Paul D, mwanaume anayempenda Sethe, waliyetoka naye shamba moja la utumwa, yeye mwenyewe kafungia maumivu yake kifuani kama kwenye kopo la tumbaku lililoshika kutu, anaonyeshwa kipande cha gazeti chenye habari na picha ya Sethe, kwanza anakataa anasema mdomo wa pichani sio wa Sethe, halafu anamfuata Sethe mwenyewe. Sethe anaanza kueleza. Anazunguka jikoni, anazunguka, hawezi kulifikia jambo lenyewe. Na Paul D akishalielewa anamwambia maneno mabaya kuliko kiboko, kwamba ana miguu miwili sio minne. Anamwambia ni mnyama. Neno lilelile walilokuwa wanaliandika daftarini wazungu wa shambani, walipogawa kurasa sifa zake za kibinadamu upande mmoja na za kinyama upande mwingine. Halafu akachukua kofia akaondoka.

Huyo ni mtu mwema lakini, na ndo maana inauma. Morrison angeweza kumpa hayo maneno mtu mbaya tukamchukia tukaendelea na maisha. Kampa yule anayependa.

Na uponyaji unakuja kwa njia ya chakula. Denver, binti aliyebaki, hajatoka kwenye ule ua miaka na miaka, anaona mama yake anakwisha, kile kivuli cha yule mtoto aliyeuawa, kilichorudi kuishi nao, kimenona na mama amekonda, ndani hakuna cha kula. Anatoka. Anakwenda kwa mwalimu wake wa zamani kuomba kazi, na habari inasambaa kwamba kule kwao, nyumba namba 124, kuna njaa. Basi inaanza kutokea sahani kwenye kisiki pembeni ya ua wao, mara kikapu cha mayai, mara mfuko wa maharage, na kwenye baadhi ya vyombo kuna kikaratasi chenye jina la mwenye chombo ili kijulikane kirudishwe kwa nani. Wasiojua kuandika wanachora alama yao. Hapo nilicheka na machozi yakanitoka, maana ni zile sufuria zetu za msibani kabisa, zilizopakwa rangi ya kucha kitakoni au kufungwa uzi mwekundu mkononi ili ya mama fulani isije ikaenda kwa mama fulani. Na ukirudisha sufuria hurudishi ukiwa bubu, unasimama mlangoni, unaulizwa mama anaendeleaje, unajibu. Denver anarudisha vyombo na kila chombo kinamfungulia mlango na mazungumzo, kila mwanamke ana kumbukumbu ya bibi yake Baby Suggs, ya zile siku nzuri, na taratibu jambo la nyumba 124 linakuwa jambo la mtaa mzima. Mwisho wanawake 30 wanakuja kusimama mbele ya ile nyumba, wengine wanasali, wengine hawajui hata kama wanaamini, wanaimba.

Walewale walionuna. Au mabinti zao. Hakuna aliyekaa akasema tunaomba radhi, shangazi hajalipenda hilo mpaka leo, anasema radhi inasemwa kwa mdomo. Mimi naona walisema kwa kuja, ila namwelewa.

Sasa twende kwa Alice Walker, The Color Purple, 1982, mwaka uliofuata kikampa tuzo ya Pulitzer na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuipata ya riwaya kabla yake. Kile kitabu kinaanza na amri. Mwanaume ambaye Celie anamjua kama baba yake anamwonya asimwambie mtu yeyote isipokuwa Mungu, kwa sababu mama yake akijua itamuua. Celie ana miaka 14. Basi anatii kama alivyoambiwa, anamwandikia Mungu barua. Barua baada ya barua, kabakwa, watoto wake wawili wamechukuliwa, kaozeshwa kwa mwanaume anayempiga, zote kwa Mungu, kwa sababu huyo ndiye pekee aliyeruhusiwa.

Nataka niseme kitu hapa na nitakisema kwa uangalifu. Ile amri mimi naijua. Kwenye ukoo wetu kuna dada mmoja, amenizidi umri, aliumizwa utotoni na mtu mzima wa humohumo ndani. Kikao kikakaliwa, wazee wakaongea, mbuzi akatolewa, ikasemwa yaishe hapahapa, aibu ya nyumba haitoki nje, mwachieni Mungu. Yeye hakuitwa kwenye kile kikao. Akapelekwa kusoma mbali. Nilikuja kuambiwa na mama nikiwa tayari mtu mzima, tunachambua mchele, kaniambia kwa sauti ya chini na wala nyumba nzima hakukuwa na mtu. Na yule mzee alipofariki, kwenye msiba wake huyo dada alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine anamenya vitunguu vya wali wa waombolezaji, wanaojua wanajua, na hakuna aliyemwangalia machoni. Sijawahi kusikia mtu anamuuliza, hivi wewe unaendeleaje.

Kwahiyo nikifika pale Celie anapomwambia Shug Avery huwa nasoma polepole. Ni usiku, wamelala, na Celie anasimulia kwa mara ya kwanza kwa binadamu, na mdomo wake, kile alichofanyiwa na yule mwanaume, anaeleza mpaka alivyolia na jinsi hakuna aliyewahi kumpenda. Shug hamwambii pole yatapita. Hamwambii msamehe. Anamkumbatia na analia naye. Na Shug sio mtakatifu jamani, ni mwimbaji, ana wanaume, kanisa zima linamsema, ndiye hawara wa mume wa Celie! Mtu ambaye wazee wa kikao wangemwita malaya ndiye aliyekuwa na nafasi kifuani ya kubeba neno la mtoto. Hilo Walker hajalikosea.

Baadaye ndo mengine yanafuata, Celie anapata barua za mdogo wake Nettie ambazo mume alizificha miaka yote, anaacha kumwandikia Mungu anaanza kumwandikia Nettie, anasimama mezani mbele ya ukoo na kumwambia mume anaondoka, anafungua biashara ya kushona suruali. Watu wengi wanapenda suruali na mimi nazipenda. Ila nisingependa tufike kwenye suruali haraka kiasi cha kusahau ule usiku.

Walker alishambuliwa sana kwa hicho kitabu, hasa filamu ilipotoka 1985. Wanaume weusi wengi walisema anawachafua mbele ya wazungu, anawapa maadui silaha. Ukisikiliza vizuri ni kikao kilekile, yaishe humu ndani, nje wasijue. Na naelewa woga wao, kwenye nchi ambayo mwanaume mweusi aliweza kunyongwa mtini kwa kusingiziwa tu. Lakini gharama ya kulinda jina la nyumba ilikuwa inalipwa na Celie peke yake. Na cha ajabu waliokasirika hawakuona kwamba yule mume, Albert, mwisho wa kitabu anakaa barazani na Celie wanashona pamoja, kabadilika, wanaongea kama watu waliojuana muda mrefu. Hakubadilika alipofichiwa, alibadilika baada ya kuambiwa ukweli wake usoni.

Lakini sitaki mtu afikiri dawa ni kusema tu, sema, sema, toa moyoni, kama wanavyotuambia siku hizi mitandaoni. Kuna kitabu kinaitwa Corregidora cha Gayl Jones, 1975, na Morrison ndiye aliyekihariri. Hakisomwi sana kwetu na ni kigumu, lugha yake kali, sikishauri kwa mtu aliye kwenye kipindi kibaya. Ursa ni mwimbaji wa bluzi Kentucky. Mzaa bibi yake alikuwa mtumwa wa Mreno mmoja Brazil, Corregidora, aliyemtumia na kumuuza kwa wanaume wengine, akazaa naye, halafu akamzalisha na huyo binti yake mwenyewe. Utumwa ulipofutwa kule, karatasi zikachomwa ili kusiwe na ushahidi. Wanawake wa ile familia wakaamua wao ndio watakuwa karatasi. Kila mmoja azae binti, amsimulie, binti azae, amsimulie, mpaka siku ya hukumu. Ursa anasimuliwa akiwa wa miaka mitano, amepakatwa. Akauliza swali la kitoto, eti unasema kweli? Akapigwa kofi.

Hapo kila kitu kinasemwa. Kila siku kinasemwa. Na bado ni jela, kwa sababu mtoto hana ruhusa ya kuuliza wala ya kuwa na maisha yake, ni chombo cha kutunzia, na Ursa anapoangushwa ngazini na mumewe na kutolewa kizazi, anabaki hajui yeye ni nani kama hawezi kuzaa mtu wa kumsimulia. Kinachomfungua kidogo, kidogo tu, ni pale anaposafiri kwenda kwa mama yake na kumuuliza, mama, na wewe? Sio bibi, sio mzaa bibi. Wewe yalikukuta nini? Mama alikuwa amebeba ya waliomtangulia mpaka yake mwenyewe hayajawahi kupata nafasi ya kusemwa. Mimi hiyo sehemu nilifunga kitabu nikampigia mama yangu simu, tukaongea mambo ya kawaida tu, bei ya vitu, kanisa, sikuweza kuuliza siku hiyo.

Turudi upande wetu. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda alishinda shindano la miswada la Kwani?, jarida la fasihi la Nairobi, mwaka 2013, na mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka, Kintu. Kama umekulia sehemu yenye mashangazi na matambiko hiki kitakuingia bila kubisha hodi. Mwaka 1750 gavana wa Buddu, jimbo la ufalme wa Buganda, Kintu Kidda, yuko safarini kwenda kwa kabaka, yani mfalme, mpya. Kijana aliyemlea, Kalema, mtoto wa mgeni wa Kitutsi anayeitwa Ntwire, anakunywa kwenye kibuyu cha Kintu. Kintu anampiga kofi. Kofi moja la kumkanya, na kijana anadondoka anakufa. Anazikwa harakaharaka, bila heshima yake. Kintu anarudi nyumbani na hamwambii mkewe Nnakato, ambaye alimnyonyesha yule mtoto, wala hamwambii baba mzazi.

Ntwire akahisi, akatamka laana. Na Makumbi anaruka kutoka hapo mpaka 2004, ukoloni wa Waingereza anaupita tu, anajali zaidi tulichofanyiana sisi kwa sisi na tukakifukia. Vizazi vimetawanyika, hawajuani. Suubi anaandamwa na pacha wake aliyekufa ambaye anamkana. Isaac anaogopa majibu ya kipimo cha ukimwi. Kanani kajificha kwenye ulokole huku watoto wake mapacha wana siri ambayo sitawaharibia. Na Miisi, msomi wa Cambridge, kazika watoto wengi kiasi kwamba amechoka kulia. Kila mmoja anadhani balaa ni lake peke yake. Wewe una mkosi, wewe una kichaa, wewe hujaombewa vizuri.

Na dawa anayoitoa Makumbi ni mkutano wa ukoo. Watu wanatafutwa, kwa matangazo, kwa simu, kwa fulani anayemjua fulani, wanakusanyika kijijini Kiyiika kunakoaminika jambo lilianzia, wanapiga mahema, wanagombana kuhusu michango na dini, walokole hawataki kukaa na waganga, na pale kwenye zogo hilo mtu anasikia stori ya mwenzake na kugundua ni yake. Kuna kitu kinatokea kwa Suubi pale ambacho nilikisoma nimesimama. Ukweli nilipomaliza niliwaza vikao vya ukoo wetu vyote, vinavyoitishwa kwa ajili ya mashamba na harusi, na kwanini hatujawahi kuitisha kimoja kwa ajili ya yule dada.

Ila Makumbi hadanganyi. Miisi anakuja kujua kwamba yule kijana aliyeuawa na kundi la watu Bwaise, mtaa wa Kampala, kwenye kurasa za mwanzo kabisa, aliyeitiwa mwizi na kupigwa mpaka kufa, alikuwa mwanawe. Sisi wasomaji tumetembea na hiyo habari kitabu kizima na yeye hana. Akili inamtoka. Tambiko limefanyika, wengine wamepata nafuu, na yeye limemchelewa.

Kwa Kenya yupo Yvonne Adhiambo Owuor na Dust, 2014. Nitampitia haraka ingawa anastahili makala yake. Odidi anapigwa risasi Nairobi kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, dada yake Ajany na baba yao Nyipir wanarudisha mwili kaskazini nyumbani, na mama, Akai, akiona jeneza anaondoka anawaacha na maiti. Sio kwamba hampendi mwanawe, kuna vitu vilizikwa ndani yake siku nyingi, kabla hata Odidi hajazaliwa. Owuor anasema baada ya Tom Mboya kuuawa 1969 Kenya ilibaki na lugha tatu rasmi, Kiingereza, Kiswahili na Ukimya. Nyumba ya akina Oganda, yani familia hii ya Odidi, imejengwa kwa hiyo ya tatu, na nchi nayo. Ndo maana nasema familia hizi haziugui zenyewe tu, nyuma ya kila kikao cha yaishe hapahapa kuna dola ambayo nayo imesema yaishe hapahapa.

Nimalizie na Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, 2003, maana ndicho kinachonitesa zaidi katika hili suala la kusikia. Baba yake Kambili, Eugene, ni tajiri wa Enugu huko Nigeria, mkatoliki wa kupindukia, mchapishaji wa gazeti linalopinga wanajeshi waliopindua serikali, msaada kwa maskini, kila mtu anamsifu. Nyumbani anamwagia binti yake maji ya moto miguuni. Chai yake huwa anaionjesha kwa watoto, fundo moja moja la upendo, ya moto mpaka ulimi unaungua, na Kambili anaupenda ule mwunguzo kwa sababu anaamini ndo upendo wa baba unavyoingia mwilini. Kuna siku anasikia vishindo chumbani kwa wazazi, baba anatoka kambeba mama begani kama gunia, damu inadondoka sakafuni, mimba imeharibika. Watoto wanafuta damu. Halafu baadaye baba anawasalisha ili mama asamehewe. Mama! Yeye ndiye aliyeombewa msamaha!

Uponyaji wa Kambili unaanzia kwa shangazi, Ifeoma, mhadhiri wa chuo Nsukka, mjane, gari bovu, petroli hakuna, maji ya shida, na nyumba imejaa kelele na kicheko. Hakumkalisha Kambili chini akamhoji. Alimpa kazi ya kumenya majani ya mboga, akamwacha achekwe na binti wa nyumba, na siku binti alipozidi, shangazi akamwambia Kambili ana mdomo, ajibu mwenyewe. Akajibu.

Lakini mama yao, Beatrice. Yeye ndiye aliyemtilia mumewe sumu kwenye chai, chai ileile. Jaja mwanawe akasema ni mimi, akabeba kesi, akafungwa. Wasomaji wengi nimewasikia wanamlaumu Beatrice kwamba alinyamaza mwanzo mpaka mwisho, dhaifu, kamtoa mtoto kafara. Jamani rudini msome. Alisema. Baada ya Jaja kukamatwa alisema wazi kwamba yeye ndiye, aliwaambia watu, akaandika mpaka magazetini, na hakuna aliyemsikiliza. Wakasema maskini, msiba umempanda kichwani, mwanamke mpole kama yule na mume mwema kama yule. Miaka yote alinyamaza wakamsifu kwa upole wake, siku aliyofungua mdomo wakatumia upole uleule kumfanya mwongo.

Kwahiyo anakonda, hafungi vizuri hata khanga yake, hajali. Jaja anakaribia kuachiwa baada ya karibu miaka mitatu, na Kambili anamweleza mama yake mipango: watampeleka Jaja Nsukka kwanza, halafu Marekani kumwona shangazi Ifeoma, halafu wakirudi watapanda michungwa kijijini Abba. Anapanga yeye, yule mtoto ambaye darasani alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kukwama, na mama yake anamsikiliza na kumwegemea.